Aliyesema Nchi Inahama

Wakae wanaokaa, na mwenye haraka aende na haraka yake. Palikuwa na watu wanne na kiti kimoja, na mpaka leo haijulikani nani akikalie.

Wa kwanza alikuwa Kheri, mchora ramani, na kipaji chake kilikuwa macho. Angeokota kigae njiani akakwambia kimetoka kwenye mtungi wa nani. Wa pili alikuwa Tunu, mchimba chokaa, mwenye vidole. Kwa kupapasa tu alijua lipi ni jiwe tangu mwanzo na lipi lilikuwa mfupa kabla halijawa jiwe. Wa tatu alikuwa Mbarouk, mwenye miguu, aliyepanda milima ambayo wenzake waliitazama tu wakasema Mungu mkubwa. Wa nne alikuwa Ngwali, mzee wa baraza, mwenye mdomo. Huyu alijua kuuliza swali moja mpaka aliyeulizwa atamani angezaliwa nchi nyingine.

Nchi yao iliitwa Ukingoni, kwa kuwa ilikaa ukingoni mwa bahari kubwa. Upande wa pili kulikuwa na nchi waliyoiita Ng'ambo, maana hawakujisumbua kuuliza wenyeji wake wanajiitaje.

Ukingoni watu hawakuapa kwa mbingu wala kwa mababu. Mtu alivua viatu, akakanyaga udongo, akasema: "Naapa kwa ardhi isiyohama." Waliooana waliapa hivyo, waliouziana mashamba waliapa hivyo, hata wezi walipokana wizi waliapa hivyo, tena kwa sauti kuliko wengine. Sasa fikirieni siku mtu anapokuja na kusema ardhi inahama.

Mtu huyo alikuwa Kheri. Aliingia barazani na ramani mbili, moja ya pwani ya Ukingoni na moja ya pwani ya Ng'ambo, akazikata kwa mkasi mbele ya wazee na kuzisogeza pamoja. Zikakaa. Rasi ya huku iliingia kwenye ghuba ya kule kama kigae kinavyorudi kwenye pengo lake. Alisema nchi hizi zilikuwa moja, zikapasuka, zikaachana, na bado zinaachana.

Baraza lilicheka. Mmoja alimuuliza, kama nchi inahama, mbona nyumba ya mama mkwe wake iko palepale. Mwingine alitaka kujua kama shamba lake likiondoka alifuate na jembe. Ngwali peke yake hakucheka. Alisubiri wenzake wachoke, halafu akauliza:

"Nani aliisukuma?"

Hapo Kheri angesema hajui. Neno fupi, lingemponya. Lakini alikuwa amejiona sahihi mchana kutwa na ulimi ulishazoea. Akasema ni mwezi. Kama unavuta maji, utavuta na nchi. Ngwali alimuuliza mbona basi haukuvuta kwanza mchanga, na majani, na kilemba chake, na akaendelea hivyo mpaka mchora ramani akabaki anatazama vidole vya miguu yake. Wakamhukumu kuwa mwongo wa ardhi, yaani mtu anayevunja viapo vya wote kwa maneno asiyoweza kuyathibitisha, na wakampeleka kwenye mashamba ya chumvi, nje ya mpaka.

Akafia huko. Na Ukingoni mwongo wa ardhi hafukiwi ardhini. Hulazwa kwenye chumvi, kando ya maji, na kila mwaka bamvua kubwa linapokuja, maji yakijaa kuliko siku zote, bahari humega safu moja ya makaburi na kuondoka nayo.

Kheri aliacha mtoto mmoja, Mize, aliyeuza uji sokoni. Mize alikuwa na haja moja tu duniani: kumtoa baba yake kwenye chumvi na kumlaza kwenye udongo, kando ya mama yake, kabla bahari haijafika safu yake. Alikumbuka siku ya mwisho aliyoruhusiwa kumwona. Alitegemea kusikia laana juu ya Ngwali, na alikuwa amejiandaa kuitikia amina. Badala yake baba yake alisema, "Yule aliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyejibu vibaya." Mize hakumsamehe kwa maneno hayo. Hasira yake ilihitaji mahali pa kukaa, na baba yake alikuwa ameiondolea kiti.

Miaka ikapita, kama inavyopita kwa walio hai.

Tunu alikuwa akichimba chokaa alipopata mnyama ndani ya mwamba. Mnyama huyo alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, mkia mrefu, na meno membamba kama chanuo. Pembeni yake palikuwa na konokono wa ziwani, na tope lililoganda lilikuwa la ziwani. Chumvi ingemuua. Tunu alivuka bahari, akaomba kibarua kwenye machimbo ya Ng'ambo, akapapasa mwamba wa kule mpaka akampata tena: meno yaleyale, mkia uleule, konokono walewale. Katika kumtoa, jiwe lilimwangukia na kusaga vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alirudi na mnyama kwenye kapu na mkono kwenye kitambaa. Wazee wakasema labda aliogelea. Tunu akauliza, mnyama wa maji baridi, aogelee bahari nzima? Wakasema basi palikuwa na daraja la nchi kavu, likazama. Daraja hilo hakuna aliyewahi kuliona, lakini hakuna aliyepelekwa chumvini kwa kulisema.

Mbarouk alikuwa amepanda vilele vyenye barafu, akaona jinsi barafu inavyoburuta mawe na kuuchanja mwamba chini yake, mistari myembamba iliyonyooka kama ya kucha. Kisha akaiona mistari hiyohiyo kwenye mwamba wa pwani ya Ukingoni, mahali ambapo hata siagi haikai dakika kumi. Aliifuata. Ilitoka baharini ikapanda nchi kavu. Barafu haipandi kutoka baharini. Barafu hushuka kutoka mlimani. Akavuka, akatembea Ng'ambo, na huko akaukuta mwanzo wake: mistari ikishuka kutoka nyanda za juu na kuingia majini, ikielekea huku. Ukiziunganisha nchi mbili, mistari inakuwa njia moja. Alikaa mbali muda mrefu kiasi kwamba mkewe aliolewa tena, na mwanawe alipomwona mlangoni alimwita mgeni. Wazee walitazama michoro yake wakasema huenda ni tembo walikuwa wakijikuna.

Na Ngwali. Swali likikosa wa kuulizwa humrudia mwenyewe. Baada ya Kheri kufa, Ngwali alijikuta akilala na lile "nani aliisukuma" kama mtu anayelala na punje ya mchanga kitandani. Alikuwa tajiri wa ng'ombe, akawauza. Akakodi meli, akatengeneza bomba refu la chuma lenye kamba, akawa analishusha mpaka chini ya bahari na kulipandisha, kutoka pwani hii hadi pwani ile, akipima unene wa tope. Watu walisema mzee ameingiwa na wazimu.

Karibu na pwani bomba lilizama kwenye tope zito. Kadiri alivyokwenda mbali tope lilipungua. Katikati ya bahari hapakuwa na tope kabisa: mwamba mtupu, mpya, na bomba lilirudi juu lina joto. Akipita katikati, tope likaanza kurudi kidogo kidogo mpaka Ng'ambo. Tope hunyesha sawasawa kila mahali, kama vumbi ndani ya nyumba. Pasipo na vumbi ni pale palipowekwa sakafu juzi.

Asubuhi moja alikuja kwa Mize sokoni, na wateja wakasogea pembeni, maana walijua kati ya wawili hao kuna maiti. Mize alimtilia uji kama mteja yeyote, wala hakumpa sukari. Ngwali hakuunywa. Alitazama sufuria, jinsi uji ulivyokuwa ukipanda katikati kwa moto, ukisukuma utando kwenda pembeni, nusu huku, nusu kule.

"Ndivyo," alisema. "Chini kuna moto. Sakafu inazaliwa katikati na kusukuma. Baba yako alisema kweli, binti Kheri, na mimi nilimuua."

"Ilikuwa kweli ulipomuua, au imekuwa kweli baada ya kumuua?" Mize alimuuliza. Ngwali alisukuma bakuli, akaondoka bila kuuliza chochote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kumwona hivyo, na wengine walirudi siku ya pili kuangalia kama hali inaendelea.

Akasimama barazani, akasema amekosea. Kwa sheria yao, mzee aliyehukumu vibaya huvuliwa kiti, naye akavuliwa. Lakini sasa wazee walikuwa na vitu vinne mezani: pwani zinazokaa pamoja, mnyama asiyeweza kuogelea, barafu isiyopanda, na sakafu inayozaliwa. Kimoja kimoja walikuwa wamevipuuza. Kwa pamoja vilikuwa kama ndugu wanne waliosimama mlangoni. Wakakubali. Kuhusu viapo, walitangaza kwamba vyote vinaendelea, kwa kuwa ardhi inahama taratibu kama ukucha unavyoota, na hakuna ahadi ya mwanadamu iliyowahi kudumu mpaka mtu aone tofauti. Tangazo lilisomwa kwa furaha. Mize alilisikiliza akiwa na mwiko mkononi, akafikiri: kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Ikabaki zawadi. Ukingoni kila kweli mpya ina mwenyewe mmoja, naye hupewa kiti cha kudumu barazani, na mlo na makazi mpaka kufa. Na kama amekufa, jina lake huandikwa kwenye kiti na hakuna anayekikalia. Mize aliomba kiti kigawanywe. Wazee walicheka, wakamuuliza amewahi kuona wapi makalio manne kwenye kigoda.

Kisha wakaeleza, kwa upole wa watu wasiohusika, kwamba Kheri alihukumiwa kwa kusema asichoweza kuthibitisha. Kweli hii ikiwa yake, hukumu inafutika, na mifupa yake itarudi. Ikiwa ya mwingine, basi Kheri alibahatisha tu, na aliyebahatisha hubaki alipolazwa. Na kwa kuwa shauri lilikuwa gumu, walimwachia Mize alikate yeye. Ndiyo desturi: shauri likiwashinda wazee hukatwa na aliyeumia zaidi, ili lawama isiwaguse wao. Hawakuwa wajinga. Walikuwa waoga, ambao ni werevu wa aina yake.

Tunu alikuja kwanza, na mkono wake wenye vidole viwili.

"Shoga, nakupenda," alisema. "Lakini sikusagwa mkono kwa ajili ya baba yako. Nilisagwa kwa ajili ya yule mnyama. Sasa siwezi kuchimba, siwezi kufuma, hata nywele zangu nasukwa na watu. Baba yako amekufa, hali wala halali. Unampa kiti cha nini?"

Mbarouk alikuja na fimbo, maana magoti yalikuwa yameisha. Alisema Kheri alikaa kivulini na mkasi, na kwamba mtu yeyote mwenye mkasi anaweza kukata karatasi mbili zikafanana. Yeye aliikanyaga njia yenyewe, hatua kwa hatua, pande zote mbili. Alitaka kiti kwa sababu moja, akaisema akitazama pembeni: mwanawe angemwona pale, na watu wangemwambia, yule ndiye baba yako.

Ngwali alikuja mwisho. Mize alikuwa amejiapiza asimkaribishe, akajikuta amemsogezea kigoda.

"Mimi siombi kwa huruma, mwanangu, huruma sistahili," alisema. "Naomba kwa haki. Bila sakafu yangu, wale wazee wangeendelea kusema tembo na daraja. Na kama siku ile ningenyamaza, baba yako angefia kitandani, na leo tungekuwa tunawafundisha watoto kwamba nchi inavutwa na mwezi."

"Kwa hiyo nikushukuru."

"Usinishukuru. Niambie tu nimesema uongo wapi."

Mize alitafuta. Alitafuta kwa chuki yote aliyokuwa nayo, na haikuwa kidogo, na hakupata. Hilo ndilo lililomkera kuliko kifo chenyewe.

Akakaa akapima. Bila Kheri, Tunu angekuwa na mjusi tu kwenye kapu, Mbarouk mikwaruzo, na Ngwali ng'ombe wake. Bila wale watatu, Kheri ni mzee mmoja na karatasi mbili. Akimpa baba yake, atasikia sokoni mpaka kufa kwamba damu ilihukumu, na rafiki yake atabaki akisukwa nywele na watu. Akimpa Tunu au Mbarouk, atakuwa ametia sahihi kwa mkono wake mwenyewe kwamba baba yake alikuwa mwenye bahati tu. Akimpa Ngwali, atakuwa mwadilifu, na huenda asiweze kujitazama majini tena.

Bamvua kubwa ni kesho. Safu iliyobaki kabla ya maji ni ya Kheri. Mtu mwenye jembe na kapu anasubiri mpakani, na wazee wamemwambia asivuke mpaka asikie jina.

Watu wamejaa. Tunu amesimama, Mbarouk ameegemea fimbo, Ngwali amekaa chini mchangani kama mtu yeyote. Mize amesogea mbele, amefungua kinywa.

Basi ninyi mliokaa mpaka hapa, msiseme wote wanne. Hilo ni jibu la mtu asiye na maiti. Msiseme pia kwamba baraza ndilo lenye makosa, maana hilo kila mtu analijua na halijawahi kumfukua yeyote. Kiti ni kimoja, na maji yanapanda. Je, wewe ungemtia Mize jina la nani kinywani?