Mafiga ya Mpakani

Sogeeni karibu, hadithi imeiva. Jiko la Mbodze lilikalia mpaka: figa moja nchi ya Magharibi, mawili nchi ya Mashariki. Uji ulipochemka, likaja zimwi, mlinzi wa mpaka.

“Mama, chungu hiki cha nchi gani?”

“Cha Magharibi.”

“Basi kimevuka mpaka!” Likanywa uji wote.

Kesho yake akajibu Mashariki, likanywa tena. Watoto wa Mbodze wakalala na njaa.

Siku ya tatu Mbodze akafoka, “Ebo! Umenichosha! Hebu shika chungu, nikarudishe kila figa nchini kwake.”

Zimwi likashika. Mafiga yalipotoka tu, chungu cha moto kikanata viganjani.

“Mama, rudisha mafiga!”

“Ya nchi gani?”

“Ya zote mbili, mama! Zote!”

Mbodze akayarudisha, na jioni hiyo watoto walishiba. Nami chungu changu nimekiepua.