Kibano cha Waya wa Liwali

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, sema hutamwambia mtu, hata mkeo mkiwa mmejifunika shuka moja. Umeapa? Haya, sogea. Na huyo jirani yako naye asogee, na yule mlangoni asijifanye anatafuta kiatu.

Palikuwa na Liwali mmoja, Mbaruku jina lake, tumbo mbele, yeye nyuma. Alitiliwa taa za umeme barazani, waya ukapita ukutani juu kule. Mkabala na baraza palikuwa na kibanda cha Fundi Shaame, mfua bati, fukara mwenye ulimi kama wembe. Liwali alikitaka kiwanja kile afuge farasi wake. Akamwita.

"Shaame, nataka kibano kiushike waya wangu ukutani. Kijifunge chenyewe, bila fundo wala kamba. Ijumaa baada ya sala nitatazama. Nikiukuta umeanguka, kibanda chako navunja."

"Na usipoanguka, Bwana?"

"Kibanda chako, wewe na wajukuu zako."

Jumatatu Shaame akafunga waya. Jumanne akaukuta chini. Akafunga tena, ukaanguka tena. Akainama, akaona sakafuni alama nne za miguu ya kiti. Kiti kizito namna ile mjini anacho mtu mmoja tu. Shaame akarudi kibandani.

Akakata ukanda wa shaba, akautia meno kama ya msumeno. Akaupitisha kwenye tundu lenye ulimi mdogo wa chuma. Kwenda mbele meno yanapita. Kurudi, ulimi unayazuia. Kama nyumba ya mkwe: kuingia rahisi, kuaga ndiyo kazi. Na ukiivuta ncha ya ukanda, ndiyo kwanza unazidi kukaza. Akakipigilia kibano ukutani juu, akaufunga waya ndani yake, akaenda zake.

Ijumaa Liwali akatuma salamu msikitini: haji, tumbo linamkata. Sala ilipokwisha, Shaame akasimama.

"Jamani, Liwali wetu mgonjwa. Tutakwenda kula pilau zetu bila kumjulia hali?"

Aibu hiyo nani aibebe? Msikiti mzima ukatoka, imamu mbele, moja kwa moja mpaka barazani.

Wakamkuta mgonjwa amesimama juu ya kiti, kanzu kaipandisha kiunoni, vidole viwili ndani ya kibano. Alivipenyeza akibandue. Alipovuta ncha, kikabana. Alipovuta tena, kikabana zaidi. Jasho linamtoka hadi kisigino.

"Tumbo linaendeleaje, Bwana?" akauliza imamu.

"Limepoa kidogo."

"Na dawa yake iko huko juu?" akauliza Shaame.

"Kelele. Nilikuwa nakijaribu hiki kidude chako."

"Umefanya vyema, Bwana. Ijumaa ndiyo hii, sala imekwisha, na mashahidi wamejaa. Tuambie basi: kinashika, au hakishiki?"

Liwali akawatazama watu. Akakitazama kibanda. Akavitazama vidole, vimevimba kama mbilingani. Akisema kinashika, kiwanja kimekwenda na farasi watalala nje. Akajikaza.

"Hakishiki. Kitu ovyo kabisa."

"Basi nimeshindwa," akasema Shaame, akimfungulia njia katikati ya watu. "Kibanda chako, Bwana. Shuka uje ukivunje."