Mtoto wa Dunguni Aitwe Nani

Sogeeni karibu. Nina kesi ya jina, na mimi imenishinda.

Katika bonde letu la mpunga wapo wanawake watatu wa kesi hii. Eufrazia ni mkunga. Nusu ya watoto wa bondeni wamepita mikononi mwake. Otilia anaendesha baiskeli kuwashinda wanaume. Leokadia ana ulemavu wa akili. Kuhesabu hawezi, njia ya sokoni huisahau, lakini ukimpa kitu akushikie, utakikuta.

Msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, Skolastika, wifi yake Leokadia, alikuwa dunguni, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, uchungu ulipomshika kabla ya miezi kutimia.

Eufrazia, aliyekuja mbio na wenzake wawili, akampokea mtoto wa kike, mdogo, kimya. Akampulizia pumzi mpaka akalia. Lakini mama alikuwa akivuja damu, na mkunga hakuweza kumwacha.

Otilia akaondoka kumfuata nesi. Maji yalikuwa yamekata njia, akajitwika baiskeli kichwani na kuvuka. Bila dawa aliyokuja nayo nesi, mtoto angekosa mama.

Leokadia akawekewa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. "Usimpe mtu mpaka niseme," Eufrazia alimwambia. Majirani wakaja na beseni wamwogeshe, kama ilivyo desturi yao.

"Huyu naye kapewa mtoto? Atamwangusha," walisema, wakamvuta mkono.

Leokadia akajikunja, akalia, hakumwachia. "Eufrazia hajasema."

Nesi alisema maji yale ya beseni yangemmaliza mtoto. Joto la kifua ndilo lililomweka hai. Hata nesi mwenyewe alinyimwa mtoto mpaka Eufrazia aliposema.

Ubatizo ni Jumapili, na mtoto atapewa jina la mmoja wao. Otilia hana mtoto. "Nikipata somo, mtoto wa jina langu, nami nitakuwa na mtu," anasema. Eufrazia amezalisha wote hao, na hakuna hata mmoja mwenye jina lake. Leokadia haombi kitu. Kila asubuhi huja kumnusa mtoto utosini, akacheka.

Skolastika anampenda mno wifi yake. Lakini mama mkwe, aliyemzaa Leokadia, alimketisha.

"Mwanangu, jina hilo nimelisikia likiitwa kwa kicheko njia nzima. Leokadia nampenda kuliko roho yangu. Usimvike mjukuu wangu kicheko hicho."

"Kitakoma lini, mama, kama hata sisi tunaliogopa jina lake?"

Bibi alikuwa analia.

Haya, nyinyi mliotulia hapo. Padri atauliza jina, na wanawake wote watatu watakuwa wamesimama wakimtazama Skolastika mdomoni. Wewe, ungetaja la nani?