Nani Apewe Ukoko?

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwishoni nitataka jibu.

Malindi walikuwako wapishi wanne wa harusi. Shebe hakuweza kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Nyale alikuwa na mdomo, ukimchokoza, umejitakia. Mbarak hakusahau kitu, awe mzima au ana homa. Wa nne, Kibwana, alikuwa na mkono wa pilau. Yeye na Shebe walikuwa wapenzi, mwanamume na mwanamume, na mtaa ulijua ukajifanya haujui, almuradi sahani zinajaa.

Walikuwa na desturi yao. Ukoko wa sufuria haugawanywi. Hupewa mmoja tu, aliyeiokoa kazi, na jina lake hutangazwa mbele ya wageni.

Basi, Kibwana na Shebe waliahidiana kupima virusi vya Ukimwi kabla ya kuacha kondomu. Siku moja hawakungoja. Asubuhi dhamiri ilimsuta Shebe, akaenda kupima peke yake, akakutwa navyo. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alikuja moja kwa moja kwa Kibwana.

"Ninavyo. Nichukie ukitaka, lakini kwanza nenda zahanati. Ipo dawa ya kukukinga, ila ianzwe kabla siku tatu hazijapita."

Kibwana alilia, akamtukana, kisha akaogopa. Zahanati ile alikuwa akiikwepa miaka yote kwa kuogopa macho ya watu.

Nyale aliposikia, akamshika mkono wakaenda. Mlinzi wa getini akapaza sauti, "Mashoga wanatafuta nini hapa?" Foleni nzima ikageuka. Kibwana akageuza miguu arudi nyumbani, na Mungu ajua asingekanyaga tena pale. Nyale hakumwachia, akamgeukia mlinzi.

"Harusi ya dada yako nani alipika? Uliomba sahani ya pili, hukuuliza mpishi analala na nani!"

Loo! Watu walicheka mpaka mlinzi akafungua geti mwenyewe. Kibwana akapewa dawa za mwezi mzima.

Azifiche wapi? Nyumbani mama yake alipekua kila mfuko. Mbarak akazitia katika kopo la iliki, na kila jioni, wageni wawepo wasiwepo, aliita, "Kibwana, njoo uonje chumvi!" Dawa zikamchefua, harufu ya kitunguu ikawa adui yake. Siku moja alitaka kulitupa kopo chooni. Mbarak akakaa naye kibarazani, akamwinulia kikombe cha maji, hakuondoka mpaka kidonge kimeshuka.

Dawa zikaisha, miezi ikapita, kipimo cha mwisho kikatoka: hana virusi! Kibwana alitoka zahanati kwa mlango wa mbele, kifua mbele, akamsalimia mlinzi kwa jina. Shebe naye alikuwa kwenye dawa zake, mashavu yamerudi.

Siku hiyo hiyo walikuwa na harusi. Pilau ikapakuliwa, Kibwana akauinua ukoko mzima kwenye sinia, wageni wakatega masikio wasikie jina.

"Nisingesema, mngekwenda kutafuta nini?" akanong'ona Shebe, wapishi wamesogeleana.

"Na nisingesema mimi, angeishia getini," akadakia Nyale. "Tena wewe Shebe ndiye uliyemtia hatarini!"

"Mwache," akasema Kibwana. "Tulikuwa wawili, na hakuna aliyenishika pua."

Mbarak akafuta mikono. "Dawa iliyo ndani ya kopo haimkingi mtu. Lakini mimi niliita tu. Aliyemeza ni Kibwana. Ale mwenyewe."

Kibwana akawatazama wote watatu, macho yamemjaa machozi ya furaha. Aliwapenda wote, na jina ni moja.

Haya, wewe uliyekaa hapo mbele usikwepe macho yangu. Wageni wanangoja, ukoko unapoa. Sinia lingekuwa mikononi mwako, ungeita jina la nani?