Jicho la Jua kwenye Jiwe la Mlinzi

Jicho la jua halioni mvua. Ndivyo nilivyomjibu mpwa wangu Mbelwa aliponiuliza kwa nini nisifunge kamera hapa, nyumba zenu zipumzike kuniletea ugali kila masika. Mmecheka, mkadhani mzee ameishiwa maneno. Basi wekeni sufuria hapo, mkae wote watatu. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwangu mimi.

Jiwe hili tulilokalia lilikuwa la Mzee Hoza. Kazi yake ilikuwa kuutazama mto Kwemhosi unavyoteremka kutoka milimani. Maji yakigeuka rangi tu, anapiga debe, na waliokuwa mashambani ng'ambo wanajua hakuna kuvuka mpaka mto ushuke. Hakulipwa kitu. Alilishwa kwa zamu, nyumba moja siku moja. Lakini binadamu hatuna jema. Watu wakaanza kunung'unika, mara njia ni ndefu, mara mzee anasinzia. Siku nyingine alishinda na njaa, na debe akalipiga vilevile.

Mimi nilikuwa fundi redio, tena wa kujisifu. Nikapata kompyuta ndogo, ubao mmoja tu, inaenea kwenye kiganja. Nikaiunganisha na kamera, betri na laini ya simu, nikaifungia ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula, nikaziba pembeni kwa gundi maji yasiingie. Juu nikaweka paneli ya sola. Nguzo niliyofungia kopo hilo ilikuwa hapo nyuma yenu, shimo lake bado lipo. Kila dakika kumi ilipiga picha ya mto na kuituma, na mwenye simu kubwa aliuona mto akiwa jikoni kwake. Kijiji kizima kikanisifu, nami nikavimba kichwa.

Mzee Hoza alikuja akaizunguka ile nguzo mara mbili.

"Fundi, hiki kinakula nini?"

"Kinakula jua, mzee."

"Na jua lisipokuwepo?"

"Kina akiba kwenye betri. Siku mbili kinajimudu."

"Masika ni siku mbili?"

Nikacheka. Nilijua siku mbili hazitoshi. Betri kubwa ingenibidi niingoje mwezi mzima, na sifa hazingoji. Nikamwambia, "Mzee, wewe pumzika sasa." Akachukua debe lake akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea chakula.

Masika yakaingia. Siku ya kwanza mawingu, ya pili mawingu, ya tatu mvua ikapiga milimani, huku kwetu manyunyu tu. Alasiri dada yangu Mwanaheri akanipigia simu. Alikuwa shambani ng'ambo, na mwanawe mchanga alikuwa nyumbani kwangu, analilia ziwa.

"Kaka, nivuke au ningoje? Hapa maji ni machache, lakini huko juu sikuoni. Simu yangu ni kitochi, picha zako hazifunguki."

Nikafungua yangu. Picha ilikuwepo: mto umelala, mawe yote yanaonekana.

"Vuka. Huko juu kumetulia, na mtoto analia."

"Una hakika, kaka?"

"Si nauona kwa macho yangu."

Picha ile ilikuwa ya asubuhi na mapema. Betri ilikuwa imekwisha, kamera imezima, na simu ikaendelea kunionyesha picha ya mwisho iliyopokea. Saa ilikuwa imeandikwa pembeni, kwa herufi ndogo nilizoziweka mwenyewe. Sikuisoma.

Maji yalimkuta katikati ya kivuko. Wenzake waliokuwa ng'ambo walisema yalikuja mekundu, na magogo ndani yake, wala hakupata nafasi ya kupiga kelele. Tulimpata siku ya pili, huko chini kwenye matete.

Mzee Hoza alikuja mazikoni akichechemea. Nilitamani anitukane, pengine ningepata nafuu. Aliniuliza tu, "Ulijua?" Nikasema, "Nilijua, mzee." Ndipo akasema yale maneno ambayo leo kila mtu anayo mdomoni. Mnamsemea rafiki wa siku za neema, mnamsemea mchumba anayekimbia ukiugua. Si vibaya. Ila yalisemwa kwanza juu ya kaburi la dada yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa.

Mbelwa, usiangalie chini. Uliambiwa mama yako alichukuliwa na mto, nayo ni kweli. Hukuambiwa nani alimwambia avuke, maana wakubwa walinihurumia, na mimi nikaona aibu mwaka baada ya mwaka. Leo umeniuliza mwenyewe. Mtoto aliyekuwa akilia ni wewe.

Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kwenda, nenda, sitakulaumu. Chakula mkileta au msilete, mimi siondoki hapa mpaka masika yaishe, na debe nitalipiga. Wakikuuliza kwa nini mjomba wako ananyeshewa juu ya jiwe na hali kamera zimejaa madukani, sasa unalo la kuwajibu. Jicho la jua halioni mvua.