Kwa Nini Mashua za Pungwi Hurudi Adhuhuri

Kulikuwa na wakati ambapo bahari ya Pungwi haikuwa na saa. Mtu alivuka kwenda kisiwani asubuhi akarudi jioni, au akalala huko akarudi kesho yake, na wanyama wa mwambani walikuwa naye muda wote aliotaka. Pungwi, kwa asiyekijua, ni kisiwa kidogo cha mchanga mweupe na vichaka vya mikadi, katikati ya kijiji cha Uvuleni na kijiji cha Kitanga. Hakina kisima wala shamba. Kina mwamba tu upande wa mashariki, na ndani ya mwamba huo kuna maji yaliyotulia kama maji ya mtungini.

Siku hizo hapakuwa na miwani ya kuzamia wala mrija wa kupumulia. Watu walitafuna nazi wakaitema juu ya maji. Mafuta yakatanda, na chini kukaonekana wazi hadi kaa anayetembea. Kasa walikuja wenyewe kukunwa magamba. Pomboo waliwasukuma watoto mgongoni kwa pua zao mpaka wakajua kuogelea. Hata chewa, samaki mwenye uso wa mtu aliyedhulumiwa, alitoka pangoni mwake akalala mikononi mwa watu. Watu wa Uvuleni waliwazoea wanyama wale kama mtu anavyozoea majirani wema, yaani bila hata kuwashukuru.

Aliyewazoea kupita wote alikuwa Mwatime, binti wa Pandu. Tangu utotoni alikuwa na vifuu viwili vya nazi alivyovisugua hadi vikang'aa. Akiingia majini huvigonga kimoja kwa kingine chini ya maji, na wanyama wote wa mwambani husogea. Wa kwanza kufika alikuwa daima kasa mmoja jike, mpana kama sinia ya watu wanane, ambaye hakuridhika mpaka ameweka kidevu chake katika kiganja cha Mwatime. Mwatime humpa fungu la mwani, naye hula taratibu macho nusu yamefumba. Alimwita Somo, kama wanawake wa pwani wanavyoitana wakishibana. Habari za kijana wa Kitanga aitwaye Mcha, kwamba ana sauti nzuri na kwamba amemtazama mara mbili, Somo alizisikia kabla hata mama mzazi hajazisikia.

Mcha alipoposa, harusi ilipangwa kufanyika Pungwi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa desturi. Mume na mke wakitoka vijiji viwili tofauti, walikutana kisiwani, ambako si kwa huyu wala si kwa yule. Upande wa mke hupika, upande wa mume huja kula. Wakishiba, huondoka na mke. Wasiposhiba, hunawa mikono, hushukuru, huingia vyomboni mwao na kuondoka bila mke, na posa huwa imekwisha. Hapakuwa na kugombana wala kusuluhishwa. Wanawake wawili wa Uvuleni walikuwa wameachwa kisiwani namna hiyo, na wote wawili walizeeka kwa kaka zao.

Mzee Pandu alikuwa mtu mwema mwenye ila moja: alipenda kuonekana ana uwezo kuliko alionao. Siku ya posa, mbele ya wazee wa Kitanga, alisema, "Njooni wote, msimwache mtu." Mtu yeyote wa Uvuleni angejua kwamba maneno hayo ni heshima tu, na angekuja na jamaa zake kumi. Watu wa Kitanga waliyachukua kama yalivyosemwa. Siku ya harusi ilipofika, Mwatime ameketi chini ya kivuli cha makuti, mikono imejaa hina, aliona chombo cha kwanza kikitokea, kisha cha pili, kisha cha tatu, kisha akaacha kuhesabu.

Walishuka na wazee wao, na watoto wao, na wageni waliowatembelea wiki ile. Walishuka kwa furaha na adabu zote. Asubuhi nzima walicheza majini na wanyama, maana wengi wao hawakuwahi kuwaona kwa karibu. Bibi mmoja wa Kitanga alicheka mpaka akaketi mchangani baada ya pomboo kumvua ushungi na kumrudishia. Huku nyuma ya vichaka, kwenye mafiga, shangazi yake Mwatime, Bi Mize, alikuwa anatazama vyungu vyake. Wali ulitosha. Kitoweo hakikutosha hata nusu ya watu, na kumpa mgeni wali mkavu siku kama hiyo ni sawa na kumwambia arudi kwao.

Bi Mize alikuja akainama mbele ya Mwatime kama anayemtengeneza nguo.

"Mwanangu, kitoweo kimetupungukia."

"Watume watu wavue, shangazi."

"Nani avue na watu wote wamo majini? Samaki gani atakayeingia wavuni na makelele hayo?" Akamnyoosha pindo la nguo. "Yule kasa wako anatosha vyungu vinne."

"Huyo si wa kuliwa. Huyo tunaitana."

"Najua. Na hawa wakiondoka, utaitana na nani?"

Mwatime alimtazama baba yake. Mzee Pandu alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, uso umemsawajika, anachezea kofia yake. Alisema, "Sikulazimishi, mwanangu," kwa sauti ile wazazi wanayoitumia wanapolazimisha. Mbele yao, ufukweni, Mcha alikuwa anamfuta mtoto mmoja maji kichwani. Hakujua lolote. Mwatime alimtazama yeye pia, kwa muda mrefu, kisha akaomba aletewe vifuu vyake.

Aliingia majini na nguo zake za harusi. Aligonga, na wakaja wote, kwa sababu hawakuwa na sababu ya kutokuja. Somo alikuja mbele. Mwatime alikuwa na mwani katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili, chini ya kanga, kitanzi cha kamba. Kasa akaweka kidevu chake katika kiganja chenye hina. Mwatime akampitishia kitanzi, akakaza, na wanaume wanne wakavuta kutoka ufukweni. Kivuli cha kila mtu kilikuwa kimeingia chini ya nyayo zake.

Kasa akitolewa majini hutokwa na machozi. Wajuao husema ni chumvi tu inayotoka mwilini, hata anayepanda pwani kutaga mayai hulia vivyo hivyo. Mwatime hakulijua hilo, na hata angelijua lisingemfaa kitu. Nje kidogo ya mwamba pomboo walisimama wima majini, vichwa nje, wanatazama ufuko. Hawakupiga kelele. Walitazama mpaka kazi ikaisha, kisha wakageuka pamoja na kwenda, na kila chenye uhai mwambani kikaenda nao. Watoto waliokuwa bado majini walitoka wenyewe bila kuitwa, wakasema kumekuwa na baridi.

Chakula kilisifiwa. Wazee wa Kitanga walikula, wakaongezewa, wakaombea heri. Kwa desturi, mama mkwe ndiye anayemlisha bibi harusi tonge la kwanza. Mama yake Mcha alichagua kipande kizuri, akakifunika kwa wali, akamwekea Mwatime mdomoni kwa upendo wa kweli. Mwatime akatafuna, akameza. Jioni aliondoka na mume.

Ndoa ilikuwa nzuri, tusiongope. Mcha alikuwa mpole kama alivyoonekana, na walipata watoto watatu, wote wazima. Lakini maji ya Pungwi yalibaki maji matupu. Mtu akitema nazi na kutazama chini, aliona mawe na mchanga. Samaki wakiona kivuli cha mtu walitawanyika. Kwa mbali, mara moja moja, pezi la pomboo lilionekana likipita, na halikugeuka. Watu wa Uvuleni walilaumu upepo, wakalaumu nyavu za vijiji vingine, kisha wakaacha kwenda. Kilikua kizazi kizima kilichofundishwa kuogelea kwa kutupwa kutoka gatini.

Mwatime peke yake ndiye aliyeendelea kwenda. Kila bahari ilipotulia, alipanda mtumbwi alfajiri, akavuka, akaingia majini hadi kiunoni na kugonga vifuu. Aligonga miaka minne. Halafu siku moja, katikati ya kugonga, mkono ulimsimama. Alielewa kwamba sauti ile ilikuwa ndiyo sauti wanyama waliyoisikia mwisho kabla ya kitanzi, na kwamba kila alfajiri alikuwa anakuja kuwakumbusha. Alilia pale pale majini, kwa sauti, kama aliyepata habari ya msiba siku ileile. Alipofika ufukweni alivichoma vifuu vyote viwili akazika majivu.

Kuanzia hapo hakubeba kitu. Alisimama na viganja wazi chini ya maji, vidole vimeachana, ili anayetazama kwa mbali aone hakuna mwani wala kamba. Mchana alirudi nyumbani mikono imekunjamana kwa maji. Watu walisema kapungukiwa.

"Mama Kheri," Mcha alimwambia usiku mmoja, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mimi sikukwambia umkamate."

"Hukuniambia."

"Na ningeulizwa, ningekuchukua hivyohivyo, hata kwa wali mkavu. Ningebishana na wazee wangu."

Mwatime alimgeukia. Kisha akasema, "Ungeniambia hayo asubuhi ile." Hakulisema kwa hasira. Hawakulizungumza tena, ila kesho yake Mcha ndiye aliyesukuma mtumbwi majini na kumshikia ukingo apande.

Katika mwaka wa saba alikuja kasa mdogo, gamba lake halijazidi kawa. Alikaa mbali. Siku ya pili alisogea. Siku ya tano alipita kati ya vidole vya Mwatime, akapita tena, na Mwatime hakufunga mkono. Nyuma yake wakaja pomboo wawili, halafu chewa mmoja akachungulia pangoni. Kufikia msimu wa kusi walikuwa wamerudi wote, wanacheza, wanamzunguka, wanamgusa magoti. Lakini jua lilipofika utosini na kivuli chake kuingia chini ya nyayo, kasa yule mdogo alijitoa kiganjani mwake, na wote wakaondoka kwa pamoja kama siku ile. Kesho yake walikuja tena asubuhi, na adhuhuri wakaondoka tena.

Siku moja Mwatime alijaribu kuwafuata. Aliogelea nyuma yao hadi ukingo wa mwamba, maji yanapogeuka rangi. Pale pomboo waligeuka, wakajipanga mstari, wakamtazama. Hawakumdhuru. Walingoja tu mpaka akaelewa, na yeye akarudi ufukweni taratibu, akaketi kwenye mchanga wa moto na kufikiri mpaka maji yakaanza kupwa.

Asubuhi iliyofuata alicheza nao kama kawaida. Ila jua lilipokaribia utosini, kabla kasa hajajitoa mkononi, yeye ndiye aliyeutoa mkono kwanza. Akawapa mgongo, akatoka majini, akapanda mtumbwi na kupiga kasia kuelekea nyumbani bila kutazama nyuma.

Mcha alimkuta gatini, akashangaa. "Mbona mapema? Hawakuja leo?"

"Wamekuja. Wapo."

"Sasa kwa nini umewaacha?"

"Miaka yote hii wao ndio wanaonikimbia," Mwatime alisema. "Si adabu. Mwenye kosa ndiye anayeondoka."

Aliwapeleka wanawe, kisha wana wa wenzake, kisha Uvuleni nzima na Kitanga nzima wakaanza kwenda tena. Kwa kila aliyempeleka alikuwa na masharti mawili: mtu ataingiza viganja vyote viwili majini, vitupu na wazi, kabla hajaingiza mwili, na kivuli kikikaribia nyayo, watu watatoka, asibaki hata mmoja. Harusi ziliendelea kufanywa Pungwi, lakini chakula kilihamishiwa bara, na ile desturi ya kumwacha bibi harusi kisiwani ilikufa yenyewe, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuisimamia mbele ya Mwatime.

Toka wakati huo hadi leo, safari ya Pungwi ni ya nusu siku. Mashua siku hizi zina injini na maturubai, na wageni hutoka mbali, na miwani yao na mirija yao na mafuta ya kujikinga na jua. Nahodha huwataka wote waingize viganja majini kwanza, nao hufanya hivyo huku wakicheka, wakidhani ni salamu. Kasa huja. Pomboo huja. Chewa hutoka na uso wake uleule. Jua likipanda, nahodha hupiga makofi na kuwaita, na kila safari hukosi mmoja anayetoa kichwa majini na kuomba dakika tano tu, maana wanyama bado wapo, wamemzunguka, hawaonyeshi dalili yoyote ya kutaka kwenda.

Na ni kweli hawaonyeshi. Hakuna aliye hai Uvuleni leo aliyewahi kuwaona wakiondoka. Huenda siku hizi wangekaa hadi jioni. Nahodha humnyooshea mgeni mkono, humvuta ndani ya mashua, na hugeuza njia kuelekea bara, bila kungoja kujua.