Nani Alimfikisha Mwali

Sogeeni, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana hadithi hii ina mlango wa kuingilia tu. Wa kutokea mtautoboa wenyewe. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara wasikilizaji wamerudi kwao wakibishana njia nzima, mimi nikalala usingizi wangu bila wasiwasi.

Walikuwapo watu watatu katika mji mdogo wa milimani, kule Usambara, ambako wakati wa masika ukungu huingia ndani bila hodi na kukaa kitako kama mgeni asiye na safari.

Wa kwanza aliitwa Sihaba, na kipaji chake kilikuwa kukuza. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, kando ya barabara inayopanda msituni. Alijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya miche, akapanda mbegu, akamwagilia, akang'oa magugu, na alipodhani hakuna anayesikia alizungumza na miche yake. Mche ukimfika magotini, lori lilikuja kuuchukua. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikuza miti, na alikuwa hajawahi kukaa kwenye kivuli cha hata mmoja aliouotesha. Alipouliza inakopelekwa, dereva alimjibu, "Mbali, dada."

Wa pili aliitwa Singano, fundi viatu, na kipaji chake kilikuwa kushindwa. Msicheke. Wengi wetu tukishindwa mara tatu tunatafuta wa kumlaumu. Singano akishindwa alijiuliza, "Nimepigwa kutoka upande gani?" kisha akarudi kupigwa tena ili aone vizuri.

Wa tatu aliitwa Nuriati, msusi, na kipaji chake kilikuwa vidole. Angeweza kusuka kichwa kimoja tangu asubuhi hadi alasiri, mteja akilia, akisinzia, akisimulia talaka yake yote, na vidole vya Nuriati havikuongeza mwendo wala kupunguza.

Sasa, jirani na meza ya Singano palikuwa na banda la mbao la mtu aitwaye Mahanyu, na ndani yake runinga tatu za kuchezea gemu. Mbili zilikuwa za mpira, na huko kelele hazikuisha. Ya tatu, pembeni, ilikuwa na gemu ya upanga. Mashine hiyo ilikuwa kuukuu na ilitunza mhusika mmoja tu, kwa hiyo watu wote wa mji ule walicheza mtu yuleyule: mwanamke mwembamba mwenye upanga, anayetembea peke yake katika nchi ya ukungu. Walimwita Mwali. Desturi ya banda ilikuwa ukifa unampisha mwenzako, naye anaendelea na Mwali pale ulipomwachia. Siku za masika, mlango ukiwa wazi, ukungu wa nje ulifika mpaka kwenye kioo cha runinga, na aliyekaa pale muda mrefu hakujua tena Mwali anatembea upande gani wa kioo.

Mwisho wa nchi ile alisimama bosi, adui wa mwisho wa gemu. Mwanamke mrefu kuliko mlango wa msikiti, amejitanda shuka la kijivu. Kabla ya kukupiga alikutazama kwanza kutoka juu mpaka chini, taratibu, akionyesha hajaridhishwa. Banda zima likamwita Shangazi. Hakuna aliyewahi kumshinda.

Sihaba aliingia kwa Mahanyu siku moja akitoka kazini, miguu ina udongo, akamwona Mwali akiuawa na mbwa mwitu wawili. Alimwonea huruma. Akaomba padi, ile ya kushika mikononi yenye vitufe, na tangu siku hiyo kila jioni alikuja saa kumi na moja na kumkuza Mwali. Hakumkaribia Shangazi. Alizunguka naye mabondeni, akipiga wadudu wadogo mmoja mmoja, na kila walipokufa wa kutosha Mwali alipanda leveli, na gemu ikauliza: nguvu hii mpya iende wapi, mkononi, miguuni, au kwenye uhai?

Hapo Sihaba alifanya kosa ambalo mtu wa kitalu tu angelifanya. Kila mara alijibu uhai. Mizizi kwanza, alisema, majani yatakuja yenyewe. Miezi minane alijibu hivyo, mpaka Mwali akafika leveli ya themanini na mbili akiwa na uhai wa watu kumi na mkono wa mtoto mchanga. Alikuwa hafi kirahisi, lakini kumuua jogoo kulimchukua dakika nzima.

"Dada Sihaba," wakamwambia wale wa mpira, "umetukuzia gogo."

Singano hakucheka, yeye alikasirika. Aliamini bosi lazima akutoe jasho, la sivyo hakuna maana ya kumwita bosi.

"Unamkuza mno," alisema. "Ukimfikisha leveli mia, atamsukuma Shangazi kwa tumbo. Hapo tutasema tumeshinda nini?"

"Na mche ukiupeleka msituni una majani mawili," Sihaba akamjibu, "utasema msitu ni mgumu, au utasema wewe huna akili?"

"Mimi nasema mchezaji ndiye anayepaswa kukua. Si mdoli."

Neno hilo, mdoli, lilimchoma Sihaba. Hawakusemezana wiki mbili. Zamu ya Singano ikifika, alimvua Mwali koti la chuma alilotafutiwa na Sihaba, akampeleka kwa Shangazi na kanzu tupu. Alikufa. Akampisha mwenzake, akangoja zamu, akafa tena. Watu wakamwita Marehemu. "Marehemu, viatu vyangu tayari?" Hata mkewe aliwahi kuteleza akalitamka, na siku hiyo Singano hakula.

Lakini katika kufa kwake alikuwa anasikiliza. Aligundua Shangazi anapiga kwa hesabu: mapigo matatu ya haraka, mawili ya polepole, kimya cha pumzi moja, kisha moja zito. Singano aliigonga hesabu hiyo kwa nyundo kwenye soli za watu, mchana kutwa, mpaka viatu vya mji mzima vikawa vimeshonwa kwa mapigo ya Shangazi. Kisha akagundua kubwa zaidi. Shangazi akifika nusu ya uhai wake hulitupa shuka, na hesabu yote hugeuka, zito linatangulia na matatu yanakuja mwisho. Hakuna mchezaji aliyewahi kuliona hilo, kwa sababu kabla ya hapo Mwali hakuwahi kuishi mpaka shuka lianguke. Singano aliliona kwa kuwa Mwali, hata akiwa na kanzu tupu, alikuwa na uhai wa watu kumi. Alimrudishia koti lake siku hiyohiyo, kimyakimya. Sihaba alilikuta koti mwilini, akaendelea kupiga wadudu wake.

Alikufa mara mia mbili na kumi na nne, Singano. Hesabu alikuwa nayo yote kichwani. Lakini kila Shangazi alipobakiza uhai wa unyoya, moyo ulimruka, akaanza kuuona ushindi, mkono ukatangulia hesabu, na Shangazi akamlaza. Na msiniulize kwa nini Sihaba hakujaribu mwenyewe. Alijaribu mara moja. Shangazi alipoinua mkono, Sihaba alifumba macho.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Sihaba. Ndiyo, alikuwa anaondoka. Kitalu kilikuwa kinahamia nyanda za juu kusini, na yeye alikuwa na tiketi ya basi la Jumapili alfajiri. Alikuja kumuaga Mwali tu. Mvua ilikuwa kubwa, na Nuriati, aliyekuwa akitoka kumsuka bibi harusi, akajibanza mle bandani kujikinga. Alimkuta Singano anakufa mara ya mia mbili na kumi na nne.

"Kaka Singano, mbona mkono una haraka hivyo?"

"Hebu shika wewe," Singano akasema kwa hasira, akampa padi.

Nuriati alikaa kwenye benchi, akauliza kitufe cha kukwepa ni kipi na cha kupiga ni kipi. Singano akasimama nyuma yake akihesabu kwa sauti ya chini. Sihaba akakaa pembeni, mikono imekumbatia magoti. Mwali akaingia kwenye ukungu, Shangazi akamtazama kutoka juu mpaka chini.

Pigano lile lilidumu saa nzima na robo. Mkono wa Mwali ulikuwa mdogo, na kila pigo lilimtoa Shangazi uzi mmoja tu wa uhai. Mchezaji mwingine yeyote angechoka, angechukia, angetaka kumaliza haraka. Nuriati alitoa uzi mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, kama alivyozoea kushika nywele. Matatu, mawili, pumzi, moja. Wale wa mpira waliacha mpira. Ukungu uliingia ukajaa banda, na kwa muda hapakuwa na kuta, palikuwa na benchi tu katikati ya nchi ya kijivu, na mwanamke mwembamba akizunguka mwanamke mrefu, na sauti ya Singano ikihesabu kutoka mahali pasipojulikana. Sihaba alihisi Mwali amekaa karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa bega. Shuka lilipoanguka, Singano aligeuza hesabu bila kukosea hata moja. Uhai wa watu kumi aliokuwa nao Mwali ukaisha mmoja mmoja, ukabaki wa mtu mmoja, ukabaki wa nusu mtu. Safari hii Sihaba hakufumba macho.

Kisha Shangazi akapiga magoti. Akamtazama Mwali kutoka chini mpaka juu, akayeyuka.

Hakuna aliyeshangilia. Ilisikika mvua tu juu ya bati. Kwenye kioo Mwali alikuwa amesimama mbele ya jiwe, na juu ya jiwe maandishi ya kigeni. Mahanyu, aliyesoma kidogo lugha hiyo, akakaribia akayafasiri.

"Linauliza, nani alinifikisha hapa? Linataka jina moja. Likishaandikwa, Mwali analala chini ya jiwe, hachezwi tena. Na kila mashine ikiwashwa, kitu cha kwanza kuonekana ni hilo jina."

Najua mnachotaka kusema. Waandike majina yote matatu. Jiwe lina nafasi saba za herufi, Mahanyu alizihesabu mara mbili. Msiniletee ujanja.

Hapo ndipo mita ya umeme ilipoanza kulia. Uniti zilikuwa zinaisha, na kwa mvua ile hakuna ambaye angefika dukani na kurudi kwa wakati. Jiwe halisevu, yaani halihifadhi ushindi, mpaka liandikwe. Umeme ukikatika kabla, Shangazi anasimama tena na Mwali hajafika kokote.

"Desturi ya hapa," Mahanyu akasema, "aliyeshika padi bosi akifa ndiye mshindi. Nuriati, andika."

"Mimi nilikuja kujikinga mvua, mjomba," Nuriati akasema. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. "Lakini asije mtu kesho akasema sikufanya kitu. Mlikuwa na hesabu, mlikuwa na huyo gogo wenu, na mlikuwa mnakufa."

"Bila hesabu angekufa dakika ya kwanza," akasema mmoja wa wale wa mpira. "Marehemu amekufa mara mia mbili kwa ajili yetu."

"Usiniite hivyo," Singano akasema. Kisha, polepole: "Mimi ningependa, mtu akipita hapa, asome jina langu lile nililopewa na baba. Hilo tu."

Singano akamgeukia Sihaba.

"Dada, siku ile nilisema mdoli. Nilikosea. Lakini bado naamini aliyekua ni mimi."

"Najua," Sihaba akasema.

Naye Sihaba, tuseme wazi, alilitaka jiwe lile. Miaka kumi na mmoja ya miche, na huyu peke yake ndiye aliyemwona akikua mpaka mwisho. Alfajiri angepanda basi, na katika mji ule kisingebaki kitu chochote cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwapo. Lakini yeye hakumpiga Shangazi hata pigo moja, na ule uhai aliurundika kwa kukosea. Hayo nayo aliyajua.

Mita ikalia mara ya pili. Nuriati akamtazama Singano, akampa padi. Singano akaishika, akaitazama kwa muda, akaiweka mikononi mwa Sihaba.

"Wewe unaondoka," akasema. "Andika unaloona ni haki."

Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye vidole vya Sihaba. Kwenye kioo Mwali alikuwa amegeuka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mbwa mwitu, akawa anawatazama wao. Mita ikalia mara ya tatu, ndefu, na Sihaba akaweka kidole gumba juu ya kitufe.

Mimi naishia hapo, na msinikamate nguo. Mmoja alimpa Mwali uhai wa kufika. Mmoja alimjua adui kwa kufa mbele yake. Mmoja alikuja siku moja tu, akafanya kile ambacho hao wawili hawakukiweza kamwe. Jiwe linataka jina moja, na umeme haungoji. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na kama padi ingekuwa mkononi mwako, na jina unalolitamani ni lako mwenyewe, ungeandika lilelile?